Kadi ya kaboni na gunia la makala

Ndugu, unauliza kama ule mfumo wa kila mtu kupewa kiwango chake cha hewa ya kaboni anayoruhusiwa kutoa, anayebakiza amuuzie anayezidisha, ungetuletea pesa sisi wa Goma. Kwenye karatasi, ndiyo: anayeteremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye viazi kutoka Kibumba hachomi hata tone la mafuta, basi mwenye gari kubwa na jenereta angemlipa. Lahti, huko Finland, walijaribu kwa usafiri tu. Programu ya simu iliyoitwa CitiCAP ilifuatilia mwendo wa watu, na aliyetembea au kupanda baiskeli alibakiza. Uingereza nayo ililichunguza wazo hilo, ikaliweka kando mwaka 2008, gharama ikiwa sababu mojawapo.

Kwetu kazi ngumu iko kwenye makala, yaani mkaa wa kupikia. Gunia linatoka Masisi au ndani ya hifadhi ya Virunga kwenyewe, linauzwa bila risiti, na ndilo linaloivisha sombe katika nyumba nyingi. Ukilihesabu, unamtwisha deni mama wa Birere, mtaa wetu hapa Goma. Usipolihesabu, unahesabu nini sasa? Umeme wa maji kutoka kituo cha Matebe upo tangu 2015, lakini wanaoupikia bado wachache. Mimi ningeanza na bei ya jiko la umeme.