Ukisoma usiku kichwa kimechoka

Kwa aliyeuliza kwa nini anarudia ukurasa uleule wa Biolojia usiku na hakuna kinachobaki: acha kurudia kusoma. Macho yanauzoea ukurasa, unadhani umeelewa, kumbe hujashika kitu. Soma aya moja, funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu. Kama ni moyo, uchore bila kutazama: vyumba vinne, vali, mishipa inayoingia na inayotoka. Pale utakapokwama ndipo pa kusoma. Dakika 20 zinatosha, halafu lala kabisa. Ubongo huimarisha kumbukumbu usingizini, kwa hiyo kukesha ni hasara tupu. Asubuhi chora tena kabla ya kufungua daftari. Na kahawa ya saa nne usiku iache, inakuibia usingizi huohuo.