Bolti ya tairi imekula meno: inabadilishika nyumbani bila kufungua habu?

Ndugu, inawezekana. Bolti ya mbele iliyokula meno kama yako nimeshabadilisha kwenye gari langu na ya jamaa, bila presi (mashine ya kusukumia vyuma kwa nguvu) na bila kufungua habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo bolti hukaa. Ila kabla hujashika nyundo, tafuta bolti sahihi, wala usikadirie kwa macho. Toyota na Honda nyingi hutumia M12 (unene wa milimita 12) yenye milimita 1.5 kati ya jino na jino. Nissan na Subaru nyingi ni 1.25. Ukizichanganya, nati itaingia kidogo kisha ikwame. Linganisha pia urefu, na unene wa ile shingo yenye michirizi karibu na kichwa, kwa sababu ndiyo inayoing'ang'ania habu.

Kupandisha gari unajua: sehemu tambarare, kabari, jeki, kisha stendi. Fungua kalipa (kile kinachoshika pedi za breki) uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa breki. Toa diski. Zungusha habu mpaka bolti mbovu ifike penye nafasi kwa nyuma, ndipo uisukume itokee nyuma. Klampu ikienea naipenda kuliko nyundo, maana kila pigo linapokelewa na beringi. Magari mengine hayana nafasi hiyo kabisa. Hapo habu lazima itoke, na kazi hiyo mpe fundi mwenye presi.

Kuingiza mpya ndiko kwenye kazi. Wengi huigonga. Tafadhali usiigonge, ivute. Ipachike kwa nyuma, halafu kwa mbele panga washa nene kadhaa zenye grisi katikati yake, kisha nati ya zamani iliyo wazi pande zote mbili, upande bapa ukikaa kwenye washa. Kaza kwa spana ya mkono, taratibu, usitumie mashine. Ugumu utakuwa ule ule, kisha spana itagoma ghafla: kichwa kimefika. Mulika nyuma kwa tochi, kusiwe na mwanya wowote. Bolti isiyokaa vizuri huendelea kuingia gari likiwa barabarani, na nati hulegea bila wewe kujua.

Nati uliyovutia itupe. Zile za tairi kaza kwa kuruka upande wa pili kila mara, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Gari nyingi ndogo huwa karibu na Nm 100 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Rudia kuzikagua baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kama bolti ya jirani nayo imevutika, ibadilishe siku hiyo hiyo.