Kabla hujameza dawa ya UTI, peleka mkojo uoteshwe

"Dada, UTI imerudi tena." Mdogo wangu alinipigia simu analia. Ilikuwa mara ya tatu, na kila mara alikuwa amepewa sipro, yaani antibiotiki ya ciprofloxacin.

Mimi kazi yangu ni maabara, upande wa bakteria, nikamwambia alete mkojo tuuoteshe, yaani tuupake kwenye sahani yenye chakula cha bakteria tuone ni wapi wanaota. Kopo la kwanza likanivunja moyo: ziliota aina tatu za bakteria kwa mchanganyiko. Ukiona hivyo, mara nyingi ni bakteria wa ngozi walioingia wakati wa kukinga mkojo. Kumbe hakuna aliyewahi kumweleza namna ya kuchukua mkojo.

Basi fanya hivi. Nawa mikono. Mwanamke ajisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, atenge mashavu ya uke. Mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati, na kidole kisiguse ndani ya kopo. Ufike maabara ndani ya saa 2, la sivyo uweke kwenye friji, maana kwenye joto la daladala bakteria wachache huzaana wakaonekana wengi. Na dawa usiguse kwanza! Hata vidonge viwili vilivyobaki kabatini vinaweza kufanya sahani isiote kitu, na ugonjwa bado unao.

Kopo la pili lilikuwa safi. Kesho yake nikafungua sahani ya MacConkey, aina mojawapo ya chakula cha bakteria, nikakuta madoa ya bakteria ya rangi ya waridi, yote ya aina moja. E. coli, bakteria wa utumboni anayeongoza kwa kuleta UTI. Nikampima bakteria huyo kwa vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki, kuona ni dawa ipi inamzuia kuota. Asubuhi iliyofuata, kuzunguka kidonge cha nitrofurantoini, antibiotiki nyingine, palikuwa na duara tupu kabisa: dawa imewazuia. Kwenye sipro bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kidonge, yaani haiwawezi. Iliniuma sana, kwa sababu ndiyo dawa aliyokuwa akiimeza muda wote huo. Daktari akampa nitrofurantoini ya siku 5, akapona.

Si lazima kila UTI ioteshwe. Ila kama inajirudia, au una mimba, au wewe ni mwanamume, omba kipimo hicho. Ukiwa na homa na maumivu ya ubavu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda imefika kwenye figo, na huko nitrofurantoini haifai.

Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Ukipewa karatasi, ipige picha kwenye simu, umwonyeshe kila daktari atakayekuona baadaye.