Kwa Vijana Wanaoanza Kuchapa Hati zenye Majina ya Watu

Wadogo zangu mnaoingia katika kazi hii pale Nasser Road na kwingineko Kampala, msimu wa mahafali umeanza na kosa lile lile nimeliona tena. Kijana anafungua kiolezo cha cheti, anakiunganisha na jedwali la mteja, anachapa nakala ya kwanza, mteja anaitazama na kutia saini, kisha mashine inaachiwa iende mpaka mwisho. Katika ofseti utaratibu huo ni sahihi kabisa, kwa kuwa pleti moja, yaani bamba lenye sura ya ukurasa, huzaa maelfu ya karatasi zinazofanana, na aliyekagua moja amezikagua zote. Katika uchapaji wa data badilifu, yaani ule wa kujaza kiolezo kimoja kwa taarifa za jedwali, kila karatasi ni kazi mpya. Kiolezo hakibadiliki, lakini jina, namba ya usajili, kozi, picha na msimbo wa QR hubadilika kwa kila mstari wa jedwali, kwa hiyo nakala ya kwanza inathibitisha mstari wa kwanza tu. Naomba jambo hilo liwaingie kabla ya mengine yote ninayoyaandika hapa.

1. Hifadhini jedwali la mteja kama lilivyokuja, kisha fanyieni kazi nakala yake. Safu za namba, yaani zile za wima, ziingizwe kama maandishi tangu mwanzo, maana Excel hufuta sifuri ya mbele ya namba ya simu, hugeuza namba ya usajili kama 03/05 kuwa tarehe, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 huimalizia kwa sifuri ambazo mteja hakuziandika.

2. Mkipanga majina kwa alfabeti, pangeni jedwali zima. Hapa sina budi kueleza lililotupata, kwa sababu nikiwaambia tu kwamba muwe waangalifu, mtaitikia vizuri na kuendelea kama kawaida. Chuo kimoja cha ufundi kilituletea orodha ya wahitimu iliyopangwa kozi kwa kozi: mapishi kwanza, kisha umeme, useremala na ushonaji. Karatasi za vyeti, zenye nembo na mpaka wa wino wa dhahabu, zilikuwa zimekwisha kuchapwa kwa ofseti, na kilichobaki ni kuongeza jina, namba, kozi na daraja kwa mashine ya dijitali. Mteja akaomba vyeti vitoke kwa alfabeti ili iwe rahisi kuvigawa. Nikachagua safu ya majina, nikaamuru ipangwe kuanzia A hadi Z. Kwa kawaida Excel ikiona safu jirani zenye data huuliza kama nazo zipangwe pamoja. Lakini katika jedwali lile, baina ya majina na mengineyo palikuwa na safu moja tupu, nyembamba, ambayo karani wa chuo aliiacha ili orodha ipendeze machoni. Kwa Excel, safu tupu ni mwisho wa jedwali, kwa hiyo haikuuliza lolote. Majina yakajipanga upya, huku namba, kozi na madaraja yakibaki palepale, karibu kila mstari ukiwa sasa na jina la mtu mmoja na masomo ya mwingine.

Mtauliza kwa nini nakala ya ukaguzi haikutuonya. Mwanafunzi wa kwanza wa kozi ya mapishi alikuwa na jina linaloanza na Ab, akawa wa kwanza katika mpangilio wa zamani na katika mpya pia, hivyo cheti chake kilikuwa sahihi kila herufi. Mteja akatia saini. Tukachapa mamia ya vyeti, tukavikagua kwa jicho la mchapaji, na kwa jicho hilo vilikuwa safi: tona, ule wino wa unga wa mashine ya dijitali, imeshika, mistari imenyooka, hakuna doa popote. Aliyegundua ni msajili wa chuo, jioni ya kuamkia mahafali, aliposoma cheti cha binti aliyemfahamu vyema, wa darasa la ushonaji, kikisema amehitimu ufundi wa umeme. Akafungua cheti cha pili, cha tatu, kisha akapiga simu.

Kuchapa majina upya hakukuwa taabu. Kilichotushinda ni karatasi, kwa sababu za akiba zilikuwa chache, ikabidi pleti zirudishwe kwenye ofseti usiku ule, na wino wa dhahabu haukauki kwa kuombwa. Asubuhi wapo waliopanda jukwaani wakapokea bahasha tupu mbele ya wazazi waliosafiri kutoka Arua na Kabale. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hawezi kuelezwa habari za safu tupu akaridhika, wala hapaswi kuridhika. Lawama ile ilikuwa yangu, na tangu siku hiyo kazi yoyote yenye majina haiondoki mikononi mwangu kabla sijachapa mstari wa kwanza, wa mwisho, wenye jina refu kuliko yote, wenye jina fupi kuliko yote, kila mstari wenye nafasi iliyoachwa wazi, na mingine kadhaa niliyoiokota katikati bila kuchagua. Kisha mteja mwenyewe hulinganisha nakala hizo na daftari lake la usajili, si na jedwali lililopita kwangu, ndipo atie saini.

3. Jina la mtu lichapwe kama lilivyoandikwa na mwenyewe. Msikisie lipi ni la ukoo na lipi ni la ubatizo, wala msiligeuze mbele nyuma ili lilingane na kiolezo. Jina refu lipunguziwe ukubwa wa herufi, lisikatwe. Herufi ŋ, inayotumika katika Kiluganda na Kikaramoja, hupotea faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, likihifadhiwa kwa usimbaji wa zamani usioijua herufi hiyo, na mahali pake hukaa alama ya kuuliza. Hifadhini kwa UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, na mhakikishe kuwa fonti mliyoichagua inayo herufi hiyo.

4. Msimbo wa QR usomwe kwa simu kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, si kutoka kwenye skrini, na uachiwe ukingo mweupe wenye upana wa vijisanduku vinne vya msimbo kila upande. Kazi kubwa ipelekwe kwa PDF/VT, aina ya PDF iliyoundwa kwa data badilifu chini ya kiwango cha ISO 16612-2 cha mwaka 2010, ili nembo na mandhari zisizobadilika zichakatwe mara moja badala ya kurudiwa kila ukurasa.

5. Tikiti zipangwe kwa kufikiria kisu. Tikiti 1,000, nne kwa kila karatasi, ni karatasi 250. Ya kwanza ibebe namba 1, 251, 501 na 751, ya pili 2, 252, 502 na 752, na kuendelea hivyo. Rundo likishakatwa, mafungu manne huwekwa moja juu ya jingine na namba hufuatana zenyewe. Mkizipanga 1, 2, 3 na 4 kwenye karatasi moja, mtakesha sakafuni mkizikusanya kwa mkono. Umeme ukikatika au karatasi ikikwama, msibahatishe pa kuendelea: chapeni namba ya mstari kwenye ukingo utakaokatwa, mtafute karatasi nzima ya mwisho iliyotoka, kisha muanzie inayofuata. Tikiti iliyotoka mara mbili ni watu wawili wanaogombea kiti kimoja katika uwanja wa Namboole, na wote wawili wana haki.

6. Jedwali mlilopewa ni mali ya watu waliomo ndani yake. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, nayo inatuhusu sisi wachapaji sawa na inavyozihusu benki. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwa ripoti ya mtoto wa shule, jina na alama zote zikisomeka, na nilijua mara moja kwamba karatasi ile ilitoka kwenye pipa la karakana fulani. Karatasi zilizoharibika zichanwe siku hiyo hiyo kabla ya fagio kupita, faili lisizunguke kwenye WhatsApp, na data ifutwe kwenye kompyuta na kwenye mashine mara mteja anapokwisha kuthibitisha kwamba kazi imekamilika.