Mpiganaji wako akipanda daraja, chukua wastani

Mpiganaji wangu wa kwanza katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi mezani kwa dadu, alifika daraja la tatu akiwa na pointi 19 za uhai, yaani kiasi cha mapigo anachostahimili kabla ya kuanguka. Mchawi wa kundi letu, mzee wa joho na vitabu, alikuwa nazo 23. Na mwenye ngao, anayetegemewa kusimama mbele, ni mimi. Kila upandapo daraja unaongezewa pointi hizo, nami nilizirushia dadu ya pande kumi mara mbili nikapata 1, kisha 2. Mwenzangu akarusha yake ya pande sita akapata 6 na 5.

Siku tulipokutana na zimwi ndipo nilipoona uzito wa jambo lile. Rungu la zimwi, kwa sheria za toleo la tano, hukuondolea wastani wa pointi 13. Likikupata mara mbili ukiwa na 19, umelala. Ningechukua wastani badala ya kurusha ningekuwa na 28, mapigo mawili yangenibakishia 2, nami ningepata zamu moja zaidi ya kupiga au kurudi nyuma. Jioni ile yote nilijibanza mgongoni kwa mchawi. Mhusika niliyemtungia kijiji, kovu la shavuni na hata jina la mama yake, hakuupata wasaa wa kuwa mpiganaji.

Hesabu yenyewe ni hii. Daraja la kwanza kila mtu hupewa namba ya juu kabisa ya dadu yake. Kuanzia la pili unachagua: urushe, au uchukue namba iliyopangwa, yaani 4 kwa dadu ya pande sita, 5 kwa pande nane, 6 kwa pande kumi na 7 kwa pande kumi na mbili. Nyongeza ya siha, yaani pointi za ziada kwa mhusika mwenye mwili imara, unaipata kwa vyovyote. Wengi hudhani anayechukua namba iliyopangwa anajipunja, kumbe wastani halisi wa dadu ya pande kumi ni 5.5, na kitabu kimeupandisha hadi 6. Anayerusha ameshapoteza nusu pointi kabla dadu haijatua. Ana nafasi 4 kati ya 10 za kuizidi 6, na 5 kati ya 10 za kuangukia chini yake.

Utaambiwa dadu hujisawazisha mbele ya safari. Labda, ukifika daraja la 20 ukiwa umerusha mara 19. Lakini mhusika hufa kirahisi zaidi akiwa daraja la pili na la tatu, na hapo umerusha mara moja au mbili tu. Tena upanga ukikosa, kosa hilo linapita na zamu yake. Ile 1 ya uhai utatembea nayo kikao baada ya kikao, mwezi baada ya mwezi, hadi hadithi iishe.

Mimi naishi Minneapolis, Marekani, na historia ya jambo hili ina mizizi huku huku. Dave Arneson, aliyeutunga mchezo huu pamoja na Gary Gygax ukachapishwa mwaka 1974, alikuwa akichezesha marafiki zake hapa na kwa jirani zetu wa St. Paul. Wachezaji hawakupenda kumpoteza mhusika kwa pigo moja, naye akaazima wazo la pointi kutoka michezo ya vita vya manowari. Pointi za uhai ziliwekwa ili umpendaye asife ghafla, na ndiyo maana naumia nikiona mtu anazirudisha kwenye bahati. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la mwaka 2019 umeacha kabisa kuzirushia dadu.

Kama mnacheza hadithi ya jioni moja, rusheni, raha ya dadu ni raha. Na kama kundi lako halitaki kuiacha hata katika hadithi ndefu, kubalianeni hivi: mtu arushe, na akipata chini ya namba iliyopangwa, achukue iliyopangwa. Kwa pande kumi wastani unapanda hadi 7, kwa hiyo msimulizi, anayeendesha mchezo, ajue mapema mazimwi yake yatahitaji nguvu kidogo. Muhimu ni mkubaliane kabla dadu haijaguswa, na iwe kwa wote. Sisi tulikubaliana baada ya mtu kupata 1, tukabishana hadi saa sita usiku.