Fundi wa ndege achague kipanya, kalamu au skrini ya kugusa?

Ndugu yangu, umeuliza fundi wa ndege anayeanza kazi achukue kompyuta ya kubebeka ya aina gani: ya kipanya, ya kugusa skrini, au ya kalamu. Mimi ni fundi hapa uwanja wa ndege wa Kisumu, na naona uanze na mkono utakaoishika. Mkono huo una glavu, una mafuta, na mwenzake mara nyingi umeshika ngazi.

Kipanya kiondoe kabisa. Kinataka meza, na chini ya bawa hakuna meza. Kuiamuru kompyuta kwa sauti karibu na injini inayonguruma, usijisumbue.

Skrini za tableti nyingi husikia umeme wa kidole. Ukivaa glavu nene za ngozi hazikusikii. Mvua ya jioni ikidondokea skrini, kurasa zinaruka zenyewe. Halafu usiku kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa. Skrini ikiwaka tu wameijaa. Ukiwapangusa kwa mkono mtupu, umehamishwa kutoka ukurasa wa breki wa kitabu cha matengenezo hadi mwingine, na fundi aliyechoka anaweza kukaza nati kwa kipimo kisicho chake. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kwa hiyo napendelea skrini inayosikia msukumo: inakubali glavu, inakubali kalamu, na tone la maji haliisumbui. Ni kweli picha yake si angavu sana juani.

Kalamu ifungwe kwa kamba kwenye kompyuta, na ihesabiwe pamoja na spana kabla ndege haijaachiliwa. Kitu kidogo kilichosahaulika kwenye injini au karibu na kebo za usukani kinaweza kuangusha ndege.

Kuandika namba za vipuri ni jambo jingine, hapo nataka vitufe halisi. Chukua mfano wa ribiti, pini ya kuunganishia mabati ya ndege, namba MS20470AD4-4: tarakimu ya mwisho ni urefu, kwa sehemu za 16 za inchi. Ukibonyeza 5 badala ya hiyo 4 ya mwisho kwenye vitufe vya skrini, stoo watakupa ribiti ndefu kuliko uliyotaka. Kisoma msimbopau, ile mistari myeusi kwenye pakiti, kikiwepo, afadhali zaidi.

Kabla hujalipa, nenda dukani na glavu zako za kazi na kichupa cha maji. Inyunyizie skrini, kisha jaribu kufungua kurasa. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.