Acha kujinyoosha tu, beba bido (jerikeni) ya maji

Ba dada na ba kaka wa balé hapa Goma, tuko na ugonjwa moja: mtu anafika kwa repetisyo (kujizoeza dansi), anafungua miguu mpaka chini, anabaki pale anaangalia simu yake, kisha anasema ameshafanya mazoezi. Ile ni kujinyoosha tu, na ukinyoosha musuli moja zaidi ya dakika moja mbele tu ya kuruka, kuruka kwenyewe kunapungua. Iweke mwisho, ukiisha kucheza.

Chenye kinakosa ni nguvu. Wamama wanaogopa ati binti atakuwa na miguu ya mubeba saruji, lakini mwanzoni nguvu inaongezeka juu mwili unajifunza kuita misuli yenye iko nayo tayari, haiko nyama mpya.

Mi naanzaka na ngazi. Simama kwa mguu moja, sehemu ya mbele tu ikanyage, mukono moja kwa ukuta, shusha kisigino polepole mpaka kipite chini ya ngazi, kisha panda mpaka mwisho. Angalia kifundo: kikianza kukimbilia upande wa kidole kidogo, hapo unasimama, hata kama uko tu kwa 8, maana ile ya 9 inafundisha mguu uongo. Walimu wengi wanapenda mtoto afike 20 mpaka 25 safi kwa kila mguu kabla ya kumuvalisha viatu vya pwenti, vile vya kusimama juu ya ncha ya vidole. Zikiwa rahisi, shika bido ya litre 5 yenye maji, kisha ya 10, na siku ingine fanya na goti limekunjika, juu ile musuli ya ndani ya shavu la mguu ndiyo inakupokea kwa plié, wakati unakunja magoti. Mara mbili kwa wiki inatosha, lakini haiko siku moja mbele ya spektakli (onyesho).

Kufungua miguu nje, ile ya kugeuza miguu iangalie pembeni, kunatoka kwa nyonga. Wengi wanageuza vidole kwanza, mguu unashikwa na sima (saruji ya chini), mwili unabaki nyuma, goti ndiyo linalipa. Lala upande, kunja magoti, funga mpira wa ndani ya tairi ya pikipiki juu ya magoti (mwenye kuziba pneu atakupa kipande), visigino vibaki pamoja, inua goti la juu bila kuviringisha kiuno.

Na sima yetu, kweli! Kwa masale ya balé ya Ulaya chini kuko mbao zenye kuruka kidogo, sisi chini ya sima ni mawe ya volkano. Ukitua kwa mguu moja unapokea uzito wako mara kadhaa, basi hesabu miruko yako, usirudilie allegro (sehemu ya kuruka-ruka) yote kila siku.

Halafu mukule. Samaki sambaza, maharagi, fufu, yote. Dada mwenye siku zake za mwezi zimekatika asifurahie wepesi, mifupa yake inaweza kuwa inazoofika, aende kwa muganga mbele ya kurudilia kuruka.